Kutambua pamba, poliesta na michanganyiko kwa infraredi kabla ya kuchakata nguo: kifaa cha mkononi kinayumba

Chambua_Belo

Wakuu, naomba msaada wa wanaojua. Kazi ni kuchambua fagia ya mitumba, yaani kile kinachobaki soko la Gikomba, Nairobi, baada ya wachuuzi kuchagua cha kuuza. Mnunuzi wa kwanza anataka pamba isiyopungua asilimia 95 kwa ajili ya kuchanwa na kusokotwa upya. Wa pili anataka poliesta isiyo na laikra (nyuzi za kuvutika). Wa tatu anachukua sufu tu. Lebo nyingi zimekatwa au zimefutika, na zilizobaki si za kuaminika.

Kifaa ni spektromita ya mkononi ya infraredi ya karibu, nanometa 900 hadi 1700, taa iko ndani, doa la kusomea lina upana wa kama sentimita 1. Programu yake inatoa jina la nyuzi na asilimia ya uhakika.

Yanayotokea ni haya. Shifoni ya poliesta ikiwekwa juu ya meza ya mbao inasomwa pamba. Nguo ileile asubuhi ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, mchana ni poliesta tupu. Tisheti nyeusi hubadilika jina kila ukiigusa. Jinzi zote ni pamba asilimia 100, hata zile zinazovutika kama mpira.

Je, hiki kifaa hakifai na inabidi kununua FTIR ya fuwele ya almasi (mashine ya maabara ya infraredi ya kati, sampuli hubanwa juu ya fuwele), au kosa liko kwenye matumizi?

FundiNyuzi

Usinunue kitu bado. Mawili kati ya hayo ni ya namna nguo na kifaa vinavyoandaliwa, moja ni la rangi, moja ni la muundo wa uzi wenyewe. Kifaa kinaweza kuwa kizima kabisa.

Shifoni: mbao ni selulosi, pamba ni selulosi. Mwanga wa infraredi ya karibu hupenya kitambaa chepesi, hugonga meza na kurudi. Kifaa kimesoma meza yako, tena kimeisoma sawasawa. Kunja nguo iwe tabaka 4, na kwa shifoni, voili au bitana nyepesi iwe tabaka 8. Chini weka bamba lisilo na alama zake katika eneo hilo: kipande cha alumini kilichokwaruzwa msasa ili kisimetemete, au PTFE (teflon) nyeupe nene. Karatasi na kadibodi ni selulosi vilevile, na plastiki nyingine ndiyo mbaya zaidi kwa sababu italeta vilele vyake. Kipimo cha kujua kama tabaka zinatosha ni rahisi: soma 4, kisha soma 8. Umbo la spektra (mchoro wa mwanga uliofyonzwa kwa kila nanometa) likibaki lilelile, 4 zinatosha.

Tofauti ya asubuhi na mchana ina sababu mbili, na huenda zote zipo. Taa ya tangsteni huchukua dakika 15 hadi 20 kutulia. Ukisawazisha kifaa kwa kigae cheupe cha marejeo taa ikiwa bado baridi, kila usomaji unaofuata umepinda. Sababu ya pili ni maji. Maji hufyonza karibu na nanometa 1450, na kundi la OH (oksijeni na hidrojeni) la pamba ni mlima mpana unaoanzia hapohapo, kitovu chake karibu na 1490. Kwa hiyo poliesta iliyolala kwenye belo lenye unyevu inaonekana kana kwamba ina pamba ndani. Pamba iliyo kwenye hewa ya kawaida hubeba maji kama asilimia 7 au 8 ya uzito wake na kwake hilo ni jambo la kila siku. Poliesta haifiki hata asilimia 1, kwa hiyo maji yoyote unayoyaona juu yake ni ya mgeni. Maabara hulaza sampuli kwenye nyuzijoto 20 na unyevu wa hewa asilimia 65. Wewe huhitaji hivyo. Fungua belo, tandaza, acha nguo na kifaa vilale chumba kimoja usiku kucha.

Kigae cheupe kisome kila nusu saa, na kila unapohama kutoka kivulini kwenda juani. Kama ni cha PTFE kikichafuka usikifute kwa shati. Kisugue taratibu kwa msasa laini chini ya maji yanayotiririka, kikaushe, basi. Kilichofunikwa kwa kioo kifutwe tu kwa kitambaa kisichotoa manyoya.

Halafu iambie programu ikuonyeshe mchoro wa spektra, usiridhike na jina. Poliesta ina kilele chembamba karibu na 1660, kinachotokana na pete ya benzini. Pamba haina kitu chembamba hapo. Ina ule mlima mpana tu. Macho ya mtu aliyezoea hutenganisha hizo mbili bila programu. Sufu na nailoni zina bondi za N–H karibu na 1500 hadi 1530, na vilele vinavyosaidia kuzitofautisha vinaanza pale 1700 ambapo kifaa chako kinakomea. Hapo ndipo udhaifu wake wa kweli ulipo, kuliko kwenye pamba na poliesta. Vifaa vinavyofika 2500 vina nafasi kubwa zaidi, kwa sababu pamba inajitokeza vizuri karibu na 2100 na protini na nailoni karibu na 2050 na 2180, lakini bei yake ni habari nyingine.

Jambo la mwisho: soma mara tatu, mbele, nyuma, na sehemu ya tatu mbali na mshono na picha iliyochapwa. Nguo za michezo nyingi zimefumwa poliesta upande mmoja na pamba upande wa pili. Ukisoma upande mmoja umesoma nusu ya nguo.

Maabara254

Nakubaliana na FundiNyuzi karibu kote, ila FTIR usiidharau. Siyo ya kuchambulia belo. Ni hakimu wa rufaa.

Hesabu fupi: belo la kilo 45 la tisheti za gramu 180 lina vipande kama 250. Kwa FTIR, kubana sampuli, kusoma na kusafisha fuwele ni dakika moja na nusu ukiwa mwepesi, yaani zaidi ya saa 6 kwa belo moja. Kwa cha mkononi, kukunja na kusoma mara tatu ni kama sekunde 16, jumla saa 1 na dakika chache. Kwa hiyo FTIR isome yale tu ambayo cha mkononi kimeshindwa, na sampuli za kujengea maktaba. Kama kuna chuo chenye idara ya kemia karibu nawe, lipia kwa sampuli badala ya kununua.

Ukiipata, weka utenganishaji wa vilele (resolution) wa 4 cm⁻¹ (namba ya wimbi, kipimo cha FTIR badala ya nanometa), mizunguko 32, kutoka 4000 hadi 600 cm⁻¹. Safisha almasi kwa isopropanoli, soma hewa tupu kwanza, kisha bana sampuli mpaka vilele viache kukua. Vya kutafuta:

Poliesta: 1713, kilele kikali cha kaboni na oksijeni, pamoja na 1240, 1095 na 722. Pamba: mlima mpana wa 3330, kisha kundi la 1160, 1105, 1053 na 1030, na vidogo vya 1428 na 1315. Viskosi nayo ni selulosi, lakini kundi hilo limeyeyukiana kuwa mlima mmoja karibu na 1020, 1428 imefifia na 894 imepata nguvu. Sufu: 3280, 1635, 1520 au hapo karibu. Hariri inafanana nayo, ila imeshuka kidogo, 1620 na 1512. Nailoni: 3295, 1633, 1535, na vile viwili vya 2930 na 2860 ambavyo ni virefu kuliko vya sufu, nailoni 66 inaongeza kidogo cha 935. Akriliki: 2243. Polipropilini: haina kilele kikubwa kati ya 1500 na 2800, ina 1455 na 1375 pamoja na vinne vya karibu na 2900.

Tahadhari kwenye akriliki. Almasi yenyewe hufyonza kati ya 1900 na 2300, na 2243 imekaa katikati ya eneo hilo. Usomaji wa hewa tupu ukiwa wa zamani, kelele za almasi hukificha kilele. Sweta ya akriliki ikipita kama kitu kingine kwenye FTIR, mara nyingi kosa ni hilo.

Na kumbuka FTIR ya almasi inaona mikroni 1 au 2 za juu tu. Nguo iliyotiwa kilainishi cha silikoni italeta 1260 na 800, na ukiwa mgeni utadhani umegundua nyuzi mpya. Chomoa uzi mmoja, usokotoe, bana sehemu ya ndani. Ikishindikana, osha kipande kwa petroli etha, kikauke, soma tena.

Tarakimu

Hamjamgusa mchawi mwenyewe, ambaye ni maktaba ya marejeo, yaani mkusanyiko wa spektra za nguo zinazojulikana. Programu iliyokuja na kifaa ilifundishwa kwa vitambaa vipya, visafi, vyenye rangi za kawaida. Fagia ni nguo zilizofuliwa mara mia, zimefifia, zina sabuni na jasho. Jenga maktaba yako.

Kwa kila kundi tafuta nguo tofauti zisizopungua 40. Nasema nguo, si usomaji. Usomaji 40 wa tisheti moja ni nguo moja. Kosa linaloharibu mifano mingi ya kompyuta ni kuchanganya usomaji wote kisha kuugawa ovyo, sehemu ya kufundishia na sehemu ya kujaribia. Nguo ileile inakuwa pande zote mbili, mfano unapata alama za juu, ukifika sokoni unaanguka. Gawanya kwa namba ya nguo. Katika scikit-learn (programu huria ya Python) tumia GroupKFold, kundi likiwa namba ya nguo.

Maandalizi ya spektra kwa mpangilio huu: geuza uakisi R kuwa log(1/R), kata ncha zenye kelele (chini ya 950 na juu ya 1680 kutegemea kifaa, ila usikate kilele cha poliesta), sawazisha kila spektra kwa SNV (toa wastani wake, gawa kwa mkengeuko sanifu wake), kisha derivativu ya pili ya Savitzky–Golay (mbinu ya kulainisha na kuonyesha mpindo wa mchoro), polinomia ya daraja la 2, dirisha la pointi 11 hadi 15 kama pointi zako zimeachana nanometa 3 au 4. Dirisha likiwa jembamba mno unakuza kelele, likiwa pana mno unafuta 1660. Kwenye derivativu ya pili kilele hugeuka kuwa shimo, usishtuke. SNV na derivativu ndizo zinazoondoa tofauti za unene, mikunjo na weusi wa wastani, ndiyo maana zinakuja kabla ya mfano wowote.

Mfano wenyewe usihangaike nao. PLS-DA au SVM ya mstari, ambazo ni mbinu za takwimu za kutenganisha makundi, zinatosha kwa makundi sita. Kinachohitaji fikra ni jibu la "sijui". Pima umbali wa kila spektra mpya kutoka kwenye mfano wa PCA, unaofupisha spektra kuwa namba chache (vipimo vya umbali ni T² ya Hotelling na mabaki ya Q), weka mpaka ambao asilimia 95 ya nguo zako za marejeo zinapita, na chochote kinachozidi kitupwe pipa la "sijui" hata kama SVM inaapa kwamba ni pamba. Ile asilimia ya uhakika ya programu haimaanishi hivyo. Inagawa uhakika kati ya makundi inayoyajua, kwa hiyo ukiipa ngozi ya bandia itakupa jina la nyuzi bila aibu.

Na makundi yafuate mnunuzi, yasifuate kitabu. Kitani na pamba hazitengani vizuri hapa, hasa kitani kilichopaushwa. Kama mnunuzi wako hajali, kuwa na kundi moja la selulosi. Siptex kule Malmö, mtambo mkubwa wa Uswidi ulioanza mwaka 2020, nao ulijengwa uweze kutenga nyuzi na rangi kwa kadiri ya anayenunua.

Chambua_Belo

Asanteni sana. Nimejaribu bamba la alumini na tabaka 8: shifoni imetulia kuwa poliesta. Taa kuwashwa dakika 20 kabla imepunguza sana ile ya asubuhi. Bado mambo matatu: nyeusi, jinzi, na namna ya kujua kiasi cha pamba kwenye mchanganyiko bila kutegemea lebo, maana Tarakimu anataka marejeo na mimi sina marejeo ya kweli.

FundiNyuzi

Nyeusi si moja. Rangi nyingi za kiwandani, zile za pamba zinazoshikana na nyuzi na zile za poliesta, ni nyeusi kwa macho yetu tu; kwenye infraredi ya karibu zinapitisha mwanga. Shida ni masizi, yaani unga wa kaboni uliochanganywa kwenye plastiki ya poliesta kabla ya kuvutwa uzi, na pia uliomo kwenye baadhi ya picha za kuchapwa. Kaboni hufyonza kila kitu. Rangi za salfa nazo hula sehemu ya mwanga, ingawa si kwa ukali huo.

Namna rahisi ya kuzitenga kabla ya kupoteza muda: chukua kamera ya CCTV yenye taa za usiku, ile ya nanometa 850, iweke kwenye hali ya usiku juu ya meza. Tisheti nyeusi ya rangi za kawaida itaonekana ya kijivu au nyeupe. Ya kaboni itabaki nyeusi tii. Za kijivu soma kama kawaida. Nyeusi tii usizilazimishe. Kama uakisi uko chini ya asilimia 5 katika eneo lote, hakuna programu itakayoleta habari ambayo haipo. Zipeleke FTIR, na huko waombe fuwele ya jemaniamu badala ya almasi, kwa sababu kwenye nyuzi zenye kaboni almasi hutoa mstari uliopinda na vilele vilivyopotoka.

Jinzi: laikra huwa asilimia 1 hadi 3, na katika jinzi imefichwa katikati ya uzi wa mlalo, pamba imeizunguka kama ganda. Cha mkononi hakitaiona, na FTIR ikibanwa juu ya kitambaa haitaiona pia. Tumia mkono. Chora alama mbili zilizoachana sentimita 10 kwa upande wa upana wa nguo, vuta bila kurarua. Ikifika sentimita 11.5 na ikarudi, iingie pipa la laikra. Ukitaka ushahidi, chomoa uzi wa mlalo, ufungue msokoto, utakuta uzi mwembamba unaong'aa unaovutika peke yake. Huo ndio ubane kwenye FTIR: 1100 kwa nguvu, pamoja na kilele kati ya 1700 na 1730.

Tisheti usiipime kwa kuvuta maana kila kitambaa cha kufumwa kwa vitanzi kinavutika. Kata ukingo kwa mkasi mkali, uvute kidogo, utazame. Laikra itachomoza kama vinyweleo vya mpira.

bitana_tu

Msisahau majaketi. Nje nailoni, bitana poliesta, ndani pamba ya kujazia ambayo nayo ni poliesta. Kifaa kitasoma nje na kukupa jina moja. Yachaneni kwanza au yawe na pipa lake.

Na picha za mpira kwenye tisheti: nyingine ni PVC, na wachakataji wa kikemia hawaitaki hata kidogo. Waya wa shaba, uchome mpaka moto usiwe na rangi, uguse kwenye picha, urudishe motoni. Moto wa kijani ni klorini. Fanyeni nje, moshi wake ni sumu. Akriliki ya aina ya modakriliki nayo hutoa kijani, kwa hiyo gusa picha yenyewe, siyo kitambaa.

Maabara254

Kuhusu marejeo ya mchanganyiko: yatengeneze kwa asidi, kama maabara zinavyofanya kwa kufuata ISO 1833-11. Asidi ya salfuriki ya asilimia 75 huyeyusha pamba na viskosi, poliesta inabaki.

Kutengeneza lita 1: mililita 700 za asidi nzito ziingizwe polepole kwenye mililita 350 za maji yaliyosafishwa, chombo kikiwa ndani ya maji baridi. Asidi iende kwenye maji, kamwe si kinyume chake. Ikipoa ongeza maji hadi lita 1. Miwani, glavu na aproni si hiari. Asidi ya betri ya gari haifai, ni kama asilimia 37 tu, itaacha pamba nusu na utadhani poliesta ni nyingi.

Kata kipande cha gramu 1, kitenganishe kuwa nyuzi fupi, kaushe kwenye oveni ya nyuzijoto 105 mpaka uzito usibadilike, pima. Weka kwenye mililita 200 za asidi, nyuzijoto 50, saa 1, ukitikisa kila dakika 10. Chuja kwenye kichujio cha kioo, suuza kwa asidi kidogo safi, kisha maji mengi, kisha amonia hafifu, kisha maji tena. Kaushe 105, pima. Gramu 1.000 ikibaki gramu 0.620, poliesta ni asilimia 62 ya uzito mkavu.

Nailoni huyeyuka humohumo, kwa hiyo nguo yenye nailoni itakudanganya kuwa na pamba nyingi. Kama FTIR imeonyesha 3295 na 1633, anza na asidi fomiki ya asilimia 80 kwenye joto la chumba kuitoa nailoni. Sufu itoe kwa Jik kabla ya yote, inayeyuka humo; pamba na poliesta zinabaki.

Tarakimu

Nguo 25 zilizopimwa hivyo, zikitapakaa kutoka asilimia 10 hadi 90 ya poliesta, zinatosha kuanzia PLS ya kiasi, yaani mfano unaotabiri asilimia. Usichukue zote za 65 kwa 35 kwa sababu tu ndizo nyingi kwenye sare za shule na mashati ya kazi. Mfano utajifunza kusema 65 kila mara. Na mnunuzi usimpe namba kamili. Mpe makundi: pamba ya 95 kwenda juu, katikati, poliesta ya 95 kwenda juu. Nguo ambayo usomaji wake wa mbele na wa nyuma umetofautiana kwa zaidi ya pointi 10 iende katikati bila mjadala.

Chambua_Belo

Sare za shule ziko nyingi kweli, karibu robo ya meza. Nitaanza na zile nguo 25 za asilimia tofauti na asidi, kamera ya CCTV tayari ipo ukutani, itashushwa mezani.

FundiNyuzi

Hakikisha tu taa zake ni za 850. Za 940 kamera yake huona hafifu, na nguo zinaweza kuonekana nyeusi kuliko zilivyo.